Mafuta ya Mbuta Yanakwenda Wapi?

Mama mmoja anayekaanga samaki pale Dunga aliniuliza swali nikiwa na kipande cha mbuta mkononi. Nilikuwa nimekifunga kwa gazeti la jana, nakikamua kama nguo iliyofuliwa, nikijiona mtu anayejali afya. Akanitazama, akacheka. "Japuonj, hayo unayoyafuta ni ya juu. Ya ndani yanaenda wapi?" Nikamwambia yanakwenda tumboni. Nikala, nikalipa, nikaondoka. Lilikuwa jibu la uvivu, tena kutoka kwa mtu aliyefundisha baiolojia miaka mingi. Makala haya ni deni langu kwake, na kwa kila mwenye kitambi, mwenye mgonjwa wa sukari nyumbani, au mwenye mtoto anayekua hapa ukingoni mwa ziwa.

Kwa wenye haraka ya kuwahi matatu ya Bondo, jibu ni hili: mafuta hayajiamulii pa kwenda. Huamuliwa na vile vilivyokaa nayo kwenye sahani, na kazi ambayo misuli yako imepewa siku hiyo. Wenye nafasi tufuatane nayo kutoka sahanini.

Mafuta na maji hayapatani, na mwili wako sehemu kubwa ni maji. Ndiyo shida ya kwanza. Kipande cha samaki kinapofika utumbo mwembamba, nyongo iliyotengenezwa na ini humwagwa juu yake ikafanya kazi ileile ya sabuni kwenye sufuria yenye utandu: inayavunja mafuta kuwa vitone vidogo sana. Kongosho nayo huleta vimeng'enya vya kukata. Ili uelewe kinachokatwa, wafikirie samaki watatu waliotungwa kwenye kamba moja, kama wanavyouzwa kandokando ya barabara. Kamba ni gliseroli, samaki ni asidi za mafuta. Vimeng'enya huwachomoa wawili, wa tatu akabaki na kamba, na vyote hivyo huingia kwenye seli za ukuta wa utumbo. Humo ndani hutungwa upya, kisha hupakiwa ndani ya chombo kidogo cha mviringo kiitwacho kilomikroni. Ni mashua hasa: mafuta ndani, ganda la fosfolipidi na protini nje ili iweze kuelea kwenye damu.

Mashua hii haifuati njia kuu. Sukari ya ugali hupita mshipa unaokwenda moja kwa moja hadi kwenye ini, kana kwamba inapita forodhani. Mafuta ya samaki huingia njia ya panya: mishipa ya limfu, inayopanda hadi kifuani na kumwaga shehena yake kwenye damu karibu na bega la kushoto. Kwa hiyo saa tatu au nne baada ya mlo mnono, damu ya mtu huweza kuonekana nyeupe kama imetiwa maziwa. Ukitumwa kupima mafuta ya damu, iwe ni hospitali ya rufaa ya Jaramogi, ile ambayo wazee bado huiita Russia, au maabara ndogo ya mtaani, uliza kabla kama unatakiwa ufunge. Wakisema ufunge, wanamaanisha saa tisa hadi kumi na mbili bila chakula, na chai ya maziwa ni chakula. Kuna watu wameogopeshwa na majibu ya mashua zilizokuwa bado safarini.

Kabla hatujaondoka utumboni, nina neno kwa wale walioapa kupika mboga bila tone la mafuta. Vitamini A, D, E na K husafiri ndani ya mafuta. Rangi ya manjano iliyojificha ndani ya majani ya osuga, apoth na sukuma, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, haivuki ukuta wa utumbo vizuri bila mafuta kidogo ya kuibeba. Bibi zetu waliotia mor alenya, yaani samli, au maziwa kwenye mboga chungu hawakuwa wakitafuta utamu tu. Tangu 2012 sheria ya Kenya inataka hata mafuta ya kupikia ya dukani yatiwe vitamini A. Kijiko kimoja cha mezani kwa sufuria ya familia kinatosha. Kuacha kabisa ni kuzilipia mboga sokoni kisha kuzipitisha mwilini bila kushusha mzigo.

Sasa mashua ziko kwenye damu, na hapa ndipo mambo yanapoamuliwa. Kwenye kuta za mishipa midogo inayopita katikati ya misuli, moyo na tishu za mafuta, kuna vimeng'enya vinavyongojea kama wachuuzi ufukweni alfajiri. Mashua ikipita, huikamata na kuwachomoa samaki kutoka kwenye kamba. Asidi za mafuta zilizofunguliwa huingia kwenye seli iliyo jirani. Nyingine hupenya zenyewe, lakini nyingi husaidiwa na protini za mlangoni, na maarufu kati yake huitwa CD36. Hupatikana pia kwenye ulimi, ambako inahusishwa na jinsi tunavyoyatambua mafuta tukiyaonja. Na sisi wa kanda ya ziwa tuna sababu nyingine ya kuijua: seli nyekundu za damu zilizoingiliwa na kimelea cha malaria cha falsiparamu hutumia CD36 kama moja ya ndoana za kujishikiza kwenye kuta za mishipa, zisipelekwe kwenye wengu na kuharibiwa. Kwa hiyo mlango wa mbuta na ndoana ya malaria ni protini moja. Usije ukaacha samaki kwa sababu hiyo, tafadhali. Lala ndani ya neti.

Ni wachuuzi wa ufuko upi watakaoamka kwanza? Ukila wanga mwingi, insulini hupanda. Insulini huwaamsha wale wa tishu za mafuta, kiunoni na tumboni, na kuwapunguza kasi wale wa misuli. Ukitembea, ukilima au ukibeba mizigo, mambo hugeuka: msuli unaojikunja huleta milango mingi ya CD36 kwenye ukingo wa seli zake, na vimeng'enya vya kukata huongezeka ufukweni kwake kwa saa nyingi baada ya kazi, hata kesho yake. Tena msuli unaokaa kutwa hupoteza vimeng'enya hivyo. Nawafikiria hasa madereva wa tuktuk na boda boda, watu wanaozunguka Kondele, Kibuye na Mamboleo tangu alfajiri, wakirudi nyumbani hoi, na ambao miguu yao haijafanya kazi yoyote. Uchovu si ushahidi kwamba umechoma mafuta. Kwao na kwa wenzao wa ofisini ushauri wangu ni mmoja: usitafute saa nzima ya mazoezi ambayo hutaipata. Simama kila unapongoja abiria. Baada ya mlo mkubwa, tembea robo saa kabla ya kuketi tena. Wakazi wa katikati ya mji wana njia za miguu pana siku hizi. Zitumie usiku kabla hujapanda gari. Na siku moja au mbili kwa wiki fanya kazi ya nguvu hasa, ya kutoa jasho, kwa sababu faida yake hukaa.

Kuingia kwenye seli si kufika kwenye tanuri. Asidi ya mafuta ikishaingia hukabidhiwa tikiti, molekuli iitwayo koenzaimu A, na tikiti hiyo huigharimu seli nishati kidogo. Hapo inaweza kupelekwa ghalani au kwenye mitokondria, ambako nishati huzalishwa. Mitokondria ina kuta mbili, na asidi ndefu za mafuta haziwezi kuvuka ule wa ndani peke yake. Aliyewahi kungoja feri pale Luanda Kotieno ili avuke kwenda Mbita anaijua hali hii. Unaiona ng'ambo, una nauli mkononi, lakini feri isipokuja huendi popote. Feri ya seli inaitwa kanitini.

Na feri hii ina mtu anayeweza kuisimamisha. Seli ikiwa imejaa sukari kuliko inavyohitaji, hutengeneza kitu kiitwacho malonili, na malonili huziba geti la kupandia kanitini. Mantiki yake ni nzuri: seli yenye sukari ya kutosha, tena inayojiandaa kutengeneza mafuta mapya, haina haja ya kuyachoma yale ya zamani. Sasa itazame sahani yetu ya Jumapili: mbuta wa kukaanga, mlima wa ugali mweupe, na soda. Chupa ya mililita 300 ya soda ya kola ina karibu gramu 30 za sukari, vijiko saba hivi vya chai. Insulini imepanda, wachuuzi wa kiunoni wako macho, geti la feri limefungwa. Kisha mtu analaumu samaki!

Simwambii Mjaluo aache kuon, yaani ugali wake. Sitaki kufukuzwa mjini. Nasema tonge zake zipungue na mboga iongezeke mpaka mboga ndiyo iwe nyingi sahanini. Ugali wa mtama au wa wimbi, au hata wa unga wa mahindi usiokobolewa, huingia kwenye damu polepole zaidi ya ule mweupe laini. Soda kando ya samaki wa kukaanga, hiyo naomba uiache kabisa, maana ndiyo rahisi kuacha. Na ili nisidanganye mtu: feri ikifungwa saa tatu baada ya mlo si msiba. Usiku kucha hufunguka tena, na mafuta ya ghalani hutolewa. Kinachonenepesha ni hesabu ya siku nyingi, pale geti linapokaa limefungwa kutwa kwa sababu ya mandazi asubuhi, soda saa nne, chapati mchana na ugali saa tatu usiku.

Kuna watakaokuuzia kanitini yenyewe, kwenye makopo makubwa, kando ya vyumba vya mazoezi. Ini na figo zako huitengeneza, na samaki na nyama huongeza. Kwa mtu mwenye afya, feri hazina upungufu. Kilichopungua ni safari. Pesa hiyo nunua omena.

Ng'ambo ya feri, kazi ni ya kukatakata. Asidi ya mafuta ni mnyororo wa kaboni, na mitokondria huukata vipande vya kaboni mbili mbili. Jambo hili liligunduliwa na Mjerumani Franz Knoop mwaka 1904, aliyewalisha mbwa asidi za mafuta zilizotiwa alama kisha akachunguza mkojo wao. Asidi ya palmitiki, iliyojaa kwenye mafuta ya mawese, ina kaboni 16. Hukatwa mara saba, ikatoa vipande vinane, na mwishowe seli hupata molekuli 106 za nishati kutoka kwenye mnyororo huo mmoja. Ndiyo maana gramu ya mafuta hubeba kalori 9 na gramu ya ugali mkavu 4. Moyo wako ndio mteja mkubwa wa tanuri hili. Zaidi ya nusu ya nishati yake hutoka kwenye mafuta, mchana na usiku. Ubongo hauchomi asidi za mafuta. Ukikaa na njaa muda mrefu, ini hulazimika kuuchemshia kitu kingine kutokana na mafuta hayo, kiitwacho ketoni. Ndugu zetu wanaofunga Ramadhani hupita katika mabadiliko haya kidogo kila alasiri. Kufungulia kwa tende chache, maji na uji, kisha kungoja kabla ya viazi karai, huufanya mwili ubadilishe gia taratibu. Mwenye kisukari anayetumia dawa asifunge kabla ya kuzungumza na daktari wake.

Nimesema mafuta kana kwamba yote ni mamoja. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ziwa limetupa kitu ambacho wengine hukinunua kwenye vidonge. Omena, ambao Tanzania ni dagaa na Uganda ni mukene, hula vijidudu vidogo vya majini, na mafuta yao yana asidi za omega-3 ndefu, EPA na DHA. DHA ina kaboni 22 na mikunjo sita. Mikunjo hiyo huifanya iwe laini, na seli huipenda kwa ujenzi kuliko kwa kuni: huipachika kwenye kuta zake, hasa katika ubongo na katika jicho. Mwili unaweza kuitengeneza kutoka kwenye mafuta ya mimea, ila kwa uchache sana. Mama mjamzito humpelekea mtoto DHA kupitia kondo la nyuma, kisha kupitia maziwa. Kwa hiyo ninaposikia omena wanaitwa chakula cha shida, na mgeni akija wanafichwa ili apikwe kuku wa dukani, huwa naumia. Mjamzito, anayenyonyesha, na mtoto aliyeanza kula vyakula vya nyumbani ndio wanaostahili omena kwanza. Kwa mtoto, waoshe, wakaushe kwenye kikaango kisicho na mafuta, wasage, utie kijiko kwenye uji au kwenye mboga.

Lakini mikunjo ileile inayoifanya DHA iwe ya thamani ndiyo hushambuliwa na hewa na jua. Omena wazuri hung'aa kama fedha na hunukia ziwa. Wakiwa wamegeuka rangi ya kutu, na harufu yao inakwaruza koo, mafuta yao yamechacha. Kuwaosha kwa maji ya moto kutaondoa mchanga, hakutarudisha mafuta. Pendelea waliokaushwa juu ya nyavu au vichanja kuliko waliomwagwa mchangani. Kuanzia Aprili hadi Julai, uvuvi wa omena unapofungwa upande wa Kenya, angalia kwa makini zaidi, kwani akiba ya zamani hutolewa ghalani. Nunua kidogo, weka kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na dirisha.

Mbuta mwenyewe, mgeni aliyetiwa ziwani miaka ya 1950, ana mafuta mengi tumboni na machache kwenye minofu. Minofu huenda viwandani na ng'ambo. Mifupa na vichwa hubaki kwetu, vikaangwe Obunga na kuuzwa kwa jina la mgongo wazi, kama ambavyo Mwanza huviita mapanki. Sina dharau kwa mgongo wazi. Umelisha nyumba nyingi, na kichwa kina mafuta mazuri. Tatizo ni karai. Samaki akizama kwenye mafuta yanayochemka, hubadilishana nayo: maji yake hutoka, mafuta ya karai huingia, na sehemu ya omega-3 yake huachwa humo. Unachokula mwishowe hufanana na kilichokuwa karaini. Mafuta yaliyopikiwa siku tano huwa meusi na mazito, hutoa povu lisilokwisha, na moshi wake hupanda mapema na kuwasha macho. Minyororo yake imevunjika na kuungana ovyo, na seli haina kazi nayo. Kama unaweza, nunua mgongo wazi uliokaushwa tu, uchemshe na nyanya, vitunguu na ndimu, unywe supu.

Mafuta ya mgando yanataka usome karatasi yake. Yanayogandishwa kwa kuhaidrojenishwa nusunusu huzaa mafuta ya transi, ambayo mkunjo wake umenyooshwa kwa nguvu. Hupandisha kolesteroli mbaya na kushusha nzuri, na Shirika la Afya Duniani lilitoa wito mwaka 2018 kwamba yaondolewe duniani kote ifikapo 2023. Neno la kuhaidrojenisha likiwemo kwenye orodha ya viungo, rudisha kopo kwenye rafu.

Nilimweleza mama wa Dunga habari za karai niliporudi. Hakunipinga. Aliniuliza tu swali la pili: akiyatupa mafuta kila jioni, kipande atakiuza shilingi ngapi? Ni swali la haki, na mshauri asiyelijibu anapiga soga. Tukakubaliana mambo anayoyaweza. Kuchuja makombo kila anapopumzika, maana makombo yaliyoungua huharakisha kuharibika. Kupunguza kuni kabla moshi haujaanza. Kutumia karai lenye kina na mdomo mwembamba, hewa isiguse eneo kubwa. Kuyafunika usiku. Kutoongeza mapya juu ya yaliyochoka, kwa kuwa yaliyochoka huyaharibu mapya kabla ya siku yake. Akasema hilo la mwisho ndilo gumu, kwa vile wateja wanapenda samaki awe mwekundu upesi, na mafuta ya zamani ndiyo huwahi kumpaka rangi. Basi mteja, ukimkuta samaki wake ni wa rangi ya hudhurungi hafifu, usilalamike.

Swali lake la kwanza sikulijibu sawasawa mpaka tulipokuwa tunaagana. Yeye hukaanga akiwa wima tangu saa mbili asubuhi, huinua ndoo za samaki, na jioni hutembea hadi Nyalenda kwa miguu. Anachokula hapo Dunga, kwa sehemu kubwa, huvushwa na feri siku hiyohiyo. Mimi siku ile nilikuwa nimekula ugali wa watu wawili, nikateremshia soda, nikapanda boda boda hadi mlangoni, nikalala kwenye kochi nikitazama taarifa ya habari. Kipande kile nilichokikamua kwa gazeti kilikwenda hapa, nikamwonyesha, juu kidogo ya mshipi.